Kabla ya kuitibu Land Rover kuukuu, ijue ni ipi

Land Rover ya Series IIA ikiingizwa gia ya pili kwa pupa, hulia. Ni sauti ya meno ya chuma kusagana, na mtu aliyezoea Toyota huisikia akadhani giaboksi inakata roho. Gari linakimbizwa gereji. Fundi asiye na subira anaishusha giaboksi, anaifumua juu ya gunia, anabadilisha bearingi ambazo hazikuwa na kosa, anaifunga na kupokea hela yake. Mwenye gari anatoka getini, anaingiza gia ya pili, na mlio uko palepale.

Giaboksi ile haikuwa mbovu. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliiunda Series IIA kati ya 1961 na 1971 ikiwa na sinkro, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwenye gia ya tatu na ya nne peke yake. Ili kurudi gia ya pili, dereva alitakiwa akanyage klachi, atoe gia, aachie klachi, aguse mafuta kidogo injini ipande, kisha akanyage tena na kuingiza. Madereva wa enzi hizo walifanya hivyo bila hata kufikiri. Series III, iliyoanza 1971, ndiyo iliyokuja na sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Hiyo ikilia gia ya pili, hapo kweli kuna kazi.

Mlio ni mmoja, dawa ni mbili, na kinachoamua ni ipi itumike ni kujua gari lenyewe ni toleo gani. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka mtu asimame mbele ya gari lenye grili ya Series III, milango ya IIA, giaboksi isiyojulikana ilikotoka na injini ya dizeli iliyoundwa miaka ishirini baada ya chasisi. Gari la namna hiyo si ajabu Afrika Mashariki. Ndilo la kawaida. Ndiyo maana kwa Land Rover kuukuu kutafuta ubovu na kuhakiki historia si kazi mbili. Anayeruka ya pili ataifanya ya kwanza mara tatu.

Sababu ya mchanganyiko huo iko kwenye uzazi wa gari lenyewe. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alilibuni mwaka 1947, na tarehe 30 Aprili 1948 likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani. Chuma kilitolewa kwa mgawo, aluminiamu ilikuwapo ya kutosha. Bodi ikaundwa kwa bati la aluminiamu, tena lililonyooka ili lisihitaji mashine za gharama za kulipinda, na karibu kila kipande kikafungwa kwa boliti na nati. Kwa hiyo mtu mwenye seti ya spana na rafiki mwenye nguvu anaweza kung'oa mbawa, milango, paa na karai la nyuma, akavihamishia kwenye gari jingine kabla jua halijazama. Toleo la 1958 hupokea vipande vingi vya toleo la 1983 bila kelele. Ni sifa nzuri sana kwa mtu aliyekwama Longido, na ni kichwa kuuma kwa anayetaka kujua gari limezaliwa lini.

Oktoba 2024 jiji la Arusha lilijaa Land Rover. Zilikusanywa kwa mamia katika tamasha lililolenga kuivunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 kwa magari 632. Kwa mpita njia, lilikuwa gari moja lililorudiwarudiwa mpaka mwisho wa macho. Lakini jina moja hilo limebeba vizazi vingi: Series I ya 1948, Series II ya 1958, IIA, Series III, kisha One Ten ya 1983 iliyoacha springi za mabamba na kutumia za mviringo, hadi Defender, jina lililoanza kutumika 1990 na kuendelea mpaka gari la mwisho lilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Ndani ya kila kizazi kuna injini tofauti, mifumo tofauti ya umeme, breki za vipimo tofauti. Anayekwenda dukani kuomba "kabureta ya Land Rover" hajasema kitu.

Mahali pa kuanzia pako chini, pachafu, na dalali hapendi upaangalie. Kwenye Series II, IIA na III namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, kwenye ncha ya chasisi inaposhikilia springi. Miaka hamsini ya matope, oili na rangi za kupaka kwa brashi huifunika kabisa. Fundi anayejua kazi yake hupiga magoti, akapasugua kwa brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, bila kugusa grenda. Rangi ya mwisho hutoka kwanza, halafu ya chini yake, kisha kutu nyekundu, kisha chuma cheusi. Akifika hapo humulika tochi kwa ubavu, si kwa mbele, ili kivuli kijae kwenye mashimo ya tarakimu. Zikigoma kusomeka, husugua chaki juu yake na kupangusa, weupe ubaki ndani ya alama.

Namba ya IIA ina tarakimu nane na mara nyingi herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za mwanzo ndizo zenye habari. Kwa gari refu la petroli, lile la inchi 109, namba 251 ni gari la soko la Uingereza lenyewe. 252 liliuzwa nje likiwa na usukani wa kulia. 253 lilisafirishwa vipandevipande ndani ya makreti likaunganishwe huko liendako. 254 liliuzwa nje likiwa na usukani wa kushoto, na 255 ni la makreti, usukani kushoto. Steshenwagoni ndefu ya petroli iliyoletwa nchi za usukani wa kulia inaanza na 262. Series III zina mpangilio wake: fupi ya petroli huanzia 901, ndefu 911. Herufi ya mwisho huonyesha awamu ya mabadiliko ya kiufundi, na muuza spea makini huuliza herufi hiyo kabla ya kunyanyuka kwenye stuli. Baadaye ikaingia namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na SALL.

Hapo tu, kabla hata boneti haijafunguliwa, gari limeshasema mengi. Chukua mfano wa Land Rover iliyoko Kigoma, usukani kulia, namba yake ikaanza na 254. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na usukani wa kushoto, kwa ajili ya nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara, kama Kongo, Rwanda na Burundi zilizo ng'ambo ya ziwa au mpaka. Usukani umehamishwa baadaye. Kuhamishwa si dhambi, gari hili liliundwa likubali pande zote mbili. Lakini sasa anayelikagua anajua kwamba mfumo wa usukani ulifumuliwa na kufungwa upya na mikono isiyo ya kiwandani, na kwamba kuna karatasi za forodha ambazo ama zipo ama hazipo. Gari likiyumba barabarani, ataanza kukagua hapohapo kabla ya kununua tairi mpya.

Namba ya makreti nayo ina mambo yake. Thika, Kenya, palikuwa na kiwanda cha Leyland kilichounganisha magari ya namna hiyo, na Land Rover zilikuwamo. Gari la makreti linaweza kuwa na vitu ambavyo havimo kwenye kitabu cha Solihull, kwa kuwa waunganishaji walitumia baadhi ya vifaa vya kwao. Mtu akikuta kiti, waya au kioo kisicholingana na kitabu, asikimbilie kusema kimebadilishwa.

Bamba dogo la namba lililo ndani ya kebini ni jambo jingine. Limeshikiliwa kwa ribiti au skrubu, na kilichofungwa kwa skrubu hufunguliwa kwa bisibisi. Bamba likikubaliana na chasisi, vizuri. Likipingana nayo, chasisi ndiyo ya kusikilizwa. Na bamba linalong'aa jipya kwenye gari lililochakaa kila mahali halipaswi kumfurahisha mnunuzi.

Kisha ndiyo inakuja kadi. Tanzania kadi ya usajili hutolewa na mamlaka ya mapato, TRA. Kenya kazi hiyo iko chini ya mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA. Mnunuzi huilinganisha na chuma tarakimu kwa tarakimu, si kwa kutupa jicho, maana 3 na 8 zilizoliwa na kutu ni ndugu. Namba ya injini huleta ugomvi zaidi. Kwenye injini ya lita 2.25, yaani sentimita za ujazo 2,286, imegongwa kwenye bloku, karibu na manifoldi ya ekzosi. Injini zimebadilishwa mno katika magari haya, na wengi hawakurudi ofisini kuandikisha mabadiliko. Namba ya injini isiyolingana na kadi haithibitishi wizi. Inathibitisha kwamba kuna mtu hakumaliza kazi ya makaratasi, na kazi hiyo sasa ni yako ukinunua. Namba ya chasisi isiyolingana, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hapo mazungumzo ya bei husimama mpaka polisi na mamlaka ya usajili wapitie.

Namba ya kibao haisaidii sana kujua umri. Tanzania, kibao cha herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu kinasema lini gari liliingizwa kwenye mfumo huo. Land Rover iliyofanya kazi serikalini au kwenye shirika la umma tangu miaka ya 1970, ikauzwa kwa mnada miongo mitatu baadaye, hupewa kibao kipya kama gari lililoshuka melini jana. Kenya ni afadhali kidogo: mtindo unaoanzia KAA uliingia 1989, hivyo gari lenye kibao cha zamani cha herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho lilisajiliwa kabla ya hapo.

Mdomo wa muuzaji ndio ushahidi dhaifu kuliko wote, ingawa ndio wenye ladha.

"Bosi, hii ilikuwa ya padri mzungu. Haijawahi kubeba mzigo."

"Sawa kaka. Acha tusome namba kwanza."

Kama Land Rover zote zinazosemwa zilikuwa za mapadri kweli zingekuwa zao, misheni zingekosa mahali pa kujenga makanisa kwa wingi wa gereji. Hata hivyo, hadithi ya padri inaweza kukaguliwa. Mlango wa gari la taasisi mara nyingi uliandikwa jina au kuwekwa alama. Rangi mpya hufunika maandishi lakini mara nyingi haifuti unene wake. Asubuhi, jua likiwa chini, ukisimama pembeni ya mlango na kuutazama kwa mshazari, herufi za zamani huweza kujitokeza. Rangi ya kwanza kabisa hubaki mahali pasipofikiwa na brashi: nyuma ya dashibodi, chini ya boksi la kiti, ndani ya bawaba ya mlango. Kijani kizito, krimu ya chokaa, buluu ya bahari na rangi ya mchanga zote zilitoka kiwandani. Paa lenye bati mbili zilizoachana, lililoundwa kupunguza joto la nchi za jua kali, nalo huonyesha gari liliagizwa kwa matumizi gani. Na vioo vya Triplex vina vinukta vidogo kwenye nembo vinavyoonyesha robo ya mwaka na mwaka wa kutengenezwa. Kioo kimoja hakithibitishi kitu, maana huvunjika na kubadilishwa, lakini vioo vinne vya mwaka mmoja vinavyokubaliana na chasisi ni mashahidi wa kuheshimika.

Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zisimpotezee mtu muda. Geji za Series zina tarakimu tano za kuhesabu safari ndefu, zikifika 99,999 zinarudi sifuri, na nyingi zinahesabu maili. Elfu thelathini na nane inaweza kuwa ni raundi ya tatu.

Ushahidi mzito zaidi umehifadhiwa mbali, Gaydon, katika jimbo la Warwickshire, Uingereza. Makumbusho ya British Motor Museum yanatunza madaftari ya kiwanda, na mwenye gari akilipa ada na kutuma namba ya chasisi huweza kupata cheti kinachoonyesha siku gari lilipokamilika, siku lilipoondoka kiwandani, rangi yake ya kwanza, namba ya injini liliyozaliwa nayo na wakala au nchi lilikopelekwa. Kwa gari la makreti daftari hilo halifiki mbali, kwani lilifungwa pale vipande vilipoondoka. Kwa gari lililosafirishwa zima, cheti humaliza ubishi mwingi kwa karatasi moja.

Hata wenye kiwanda wenyewe hulazimika kupekua madaftari hayo. Januari 2018 kampuni ya Jaguar Land Rover ilitangaza kwamba imelipata gari lililokuwamo kwenye maonyesho ya Amsterdam ya 1948, lililopotea kwa miongo mingi. Lilikuwa limekaa bustanini maili chache tu kutoka Solihull, injini imekwama, limeliwa na hali ya hewa. Mara ya mwisho kutembea barabarani ilikuwa miaka ya 1960. Baadaye lilisimama shambani Wales kwa miaka ishirini likitumika kama mtambo wa kutoa nguvu, kisha likanunuliwa na mtu aliyetaka kulifufua na asimalize. Wataalamu walitumia miezi kwenye kumbukumbu za kampuni kufuata mlolongo wa wamiliki, na gari lenyewe likawasaidia: bati zake za aluminiamu zilikuwa nene kuliko za magari yaliyofuata, chasisi ilipakwa zinki, na karai la nyuma liliweza kung'olewa. Hivyo vilikuwa vitu vya magari ya majaribio. Karatasi na bati zilipokubaliana, ndipo likatambuliwa. Na walipoamua kulifufua, walichagua kuiacha rangi ya kijani hafifu iliyopakwa 1948.

Kisa kingine kinachopendwa na wenye ugonjwa wa Land Rover ni cha gari linaloitwa Oxford, lenye namba SNX 891. Pamoja na mwenzake Cambridge, liliondoka London Septemba 1955 likiwa na vijana wa vyuo vikuu viwili vyenye majina hayo, likafika Singapore Machi 1956. Cambridge baadaye liliangamia. Oxford lilipelekwa na watafiti wa ndege kisiwani Ascension, likahamia St Helena katikati ya Atlantiki, na huko likaozea mpaka lilipopatikana na kurudishwa Uingereza mwaka 2017. Lilikarabatiwa, na 2019 likaifanya safari ileile kinyume, Singapore hadi London. Kisiwa kina faida yake kwa mpelelezi: gari haliwezi kutoroka kirahisi, na kila mtu analijua.

Turudi gereji. Gari limeshajulikana ni lipi, sasa linamisi, linatoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi. Kama ni IIA ya miaka ya mwisho au Series III yenye kabureta ya Zenith, kuna mahali pa kutazama kabla ya kugusa kitu kingine. Ndani ya kabureta hiyo kuna ringi ndogo ya mpira kati ya kifuniko na sehemu inayochanganya petroli na hewa. Mpira ukikauka, au kifuniko kikipinda kwa joto na kwa kukazwa mno, petroli hupita kando na kuingia injini bila kipimo. Fundi hufungua kifuniko, hukilaza juu ya kioo na kuona kama kinacheza. Kikicheza, hukisugua kwa msasa laini juu ya kioo hichohicho mpaka kinyooke, anaweka ringi mpya, anafunga kwa mkono mwepesi. Kazi ya nusu saa. Bila kujua ni Zenith, mtu angebadilisha plagi, koili na pointi, kisha aseme injini imechoka. Land Rover za mwanzo zilikuwa na kabureta ya Solex, na nyingine hapa kwetu zimewekewa Weber, ambazo zina maradhi yao tofauti.

Cheche hukaguliwa kwa utaratibu wake. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, nafasi ya pointi ni karibu milimita 0.38, na kondensa iliyokufa huunguza pointi mpya ndani ya siku chache. Lakini kabla ya kubadilisha chochote cha umeme kuna swali la historia tena: nguzo ipi ya betri imefungwa kwenye bodi? Land Rover za mwanzo, mpaka ndani ya miaka ya 1960, ziliunganisha nguzo chanya na bodi. Za baadaye ni hasi. Nyingi za zamani zimegeuzwa na wamiliki, nyingine zimegeuzwa nusunusu. Anayefunga alteneta au redio bila kuuliza huiunguza siku hiyohiyo.

Kuna ubovu wa umeme ambao ni wa gari hili kuliko magari mengine. Dereva anakanyaga breki, na badala ya taa ya breki peke yake, indiketa nayo inawakawaka kwa unyonge. Wengi hufumua waya zote. Chanzo mara nyingi ni pale karai la aluminiamu linapokutana na chasisi ya chuma. Metali hizo mbili, zikiwa na unyevu katikati, hulana zenyewe kwa zenyewe na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Njia ya kuthibitisha ni waya mmoja mrefu: ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyofungwa bodi, nyingine kwenye chuma cha taa ya nyuma. Taa zikitulia, ugonjwa umepatikana.

Kuchemsha nako kuna mazoea mabaya. Gari likichemsha, themostati hung'olewa na kutupwa, na gari linaonekana limepona mpaka lifike mlima. Themostati haizibi rejeta. Kama rejeta imejaa uchafu itabaki imejaa. Kinachofaa ni kufungua mfuniko injini ikiwa ya baridi, kuiwasha, na kutazama maji. Mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi inapitisha, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inathibitisha.

Wenye injini ya dizeli ya 300Tdi, mashine ya 1994 inayofungwa kwenye chasisi za kila umri, wana mambo mengine ya kuuliza: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na maji yanavujia wapi karibu na pampu. Td5 ya 1998 ina silinda tano na kompyuta, na oili yake ina tabia ya kupanda ndani ya waya za nozeli mpaka kwenye kompyuta yenyewe. Ikianza kukatakata, plagi nyekundu ya kompyuta huchomolewa kwanza, ionekane kama ina oili. Hakuna kati ya hayo linalomhusu mwenye petroli ya 1966, na ndiyo maana ushauri unaopeanwa kijiweni, hata wa nia njema, huweza kumtia mtu hasara.

Chasisi yenyewe hukaguliwa kwa nyundo ndogo. Ni boksi la chuma lililo wazi ndani, na kutu huanza kwa ndani. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hujibu kwa kishindo kizito, au nyundo inazama. Sehemu za kugongwa kwanza ni mhimili wa nyuma, mabega yanayoshikilia bodi na pale springi zinapofungwa. Bati la viraka lililochomelewa juu ya kutu bila kuikata ni gharama iliyoahirishwa.

Wapo wanaodharau gari lililochanganywa, wakitaka kila nati iwe ya kiwandani. Kwa anayepeleka gari mnadani Ulaya hoja hiyo ina bei yake. Kwa Land Rover inayopandisha abiria na magunia kwenda Loliondo, kuwekewa injini ya dizeli ndiko kulikoifanya iwe hai mpaka leo, na hakuna haja ya kuona haya. Haya ni ya anayeuza mchanganyiko huku akisema ni gari moja. Uongo wa namna hiyo umewaponza watu hata Marekani, ambako gari lisilokidhi viwango vyao vya usalama huruhusiwa kuingia likishatimiza miaka 25. Defender changa zikaingizwa kwa namba za kikongwe. Mwaka 2013 maofisa wa forodha waliisaga moja hadharani, na Julai 2014 walikamata 40 kwa siku moja kutoka kwa wamiliki wa majimbo mbalimbali. Wengi wao walirudishiwa baadaye, baada ya mvutano wa kisheria.

Kuna hali moja inayowachanganya hata mafundi wazoefu: ncha ya chasisi imeoza na inabidi ikatwe, na namba iko palepale kwenye kipande kinachokatwa. Kuigonga namba upya kwenye chuma kipya bila idhini kunaweza kuonekana kughushi, hata kama tarakimu ni zilezile. Kwa hiyo kabla ya moto wa kuchomelea kuwashwa, namba hupigwa picha ikiwa mahali pake, gari likionekana zima kwenye picha, taarifa hupelekwa polisi na kwenye mamlaka ya usajili, na kipande chenye namba hakiendi kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kinasafishwa, kinapakwa grisi, kinafungwa kwenye nailoni na kuwekwa pamoja na kadi.